Gemu ya Baba na Mama

Miaka ya tisini ilipoanza, dada yangu mkubwa alikuja likizo kutoka Nairobi akatuletea mashine ya gemu. Aliiunganisha kwenye televisheni yetu pale Kitale, akatuonyesha mchezo wa tenisi, kisha akarudi kazini. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nakaa tu nyumbani na wazazi.

Wakati huo baba na mama walikuwa hawasemezani. Kilichowakosanisha sikikumbuki vizuri. Kilianza na mambo ya shamba, kisha kikawa mazoea. Kila neno lilipitia kwangu. "Mwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari," mama angesema, na baba ameketi pale pale, anasikia.

Alasiri moja nilikuwa nikicheza na baba, jirani akaniita nje kuazima debe. Niliporudi nilimkuta mama ameketi mahali pangu, ameshika kile kidude changu cha kubonyeza.

"Umekosa," baba alisema, macho kwenye skrini.

"Ni wewe ulikosa. Si mpira ulitoka nje?"

Nilisimama mlangoni nikingoja kufurahi. Sikuhisi kitu. Nikaenda jikoni kumenya viazi.

Walicheza kila alasiri kwa majuma kadhaa. Mashine ilikuwa ikipata moto kama pasi. Kaseti ya gemu ikigoma, mama aliichomoa, akaipuliza, akairudisha, na baba akamwambia aisukume polepole. Halafu siku moja stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu. Taa nyekundu ya mashine ikazimika, na sebule ikanuka plastiki iliyoungua.

Niliipeleka Bungoma kwa fundi wa redio. Akaifungua, akachomelea nyaya mbili.

"Itafanya," alisema, "lakini sikudanganyi. Hizi vitu hazikutengenezewa stima yetu."

Ilifanya siku tisa. Siku ya kumi picha ilijaa mistari, kisha skrini yote ikawa ya kijivu. Baba alibonyeza, akabonyeza tena. Mama alingoja kidogo, akaweka kidude chake chini, akaniangalia mimi.

"Mwambie baba yako aizime."

Nikamwambia. Akaizima.

Nilirudi Bungoma. Fundi aliipima kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Chipu yenyewe imekufa, dada. Spea sina, na sijui nani ako nayo. Si uniachie tu nitoe vitu vya ndani?"

Nikamwachia. Nilifika nyumbani mikono mitupu na hakuna aliyeniuliza. Mama alinipa chai. Baba alikuwa akisikiliza redio.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya kufundisha chekechea huko Lugulu, nikahama. Barua zao zilinifikia kwa bahasha mbili, mara nyingi siku moja, zote zikinieleza habari ya mvua na mahindi yale yale. Nilijibu kila moja peke yake, kwa maneno karibu sawa.