Pombe ya Maboga ya Agathe

Siku nne kabla ya Noeli, Agathe alivuna maboga manne nyuma ya nyumba yake huko Bagira, mjini Bukavu, akayapanga sakafuni jikoni, kisha akakaa akiyatazama kama wageni ambao bado hawajasema kilichowaleta. Zamani kiwanja kile kilikuwa cha migomba, na kila Desemba mumewe Jacques alikamua humo ndizi za kasiksi, pombe ambayo kwao karamu haikuwa karamu bila hiyo. Migomba ikaugua, ikanyauka mmoja baada ya mwingine. Mwaka uliofuata Jacques naye akaanza kushika tumbo, akakonda, akafa. Madaktari walisema ni ini. Ndugu zake walisema karuho.

Karuho ni sumu, na Bukavu hakuna neno linalotembea upesi kama hilo. Hakuna aliyelitamka mbele ya Agathe. Waliacha tu kunywa mkononi mwake. Kwa miaka mitatu, kila wakwe walipomtembelea, aliagiza dukani chupa zilizofungwa, akazifungua mbele ya macho yao ili wasikie kizibo kikilia. Walikunywa, wakashukuru, wakaaga. Wifi yake Noëlla, aliyekaa mtaa wa Nguba, hata mdomo wa chupa hiyo aliufuta kwanza kwa kitambaa chake.

Sasa mama mkwe, Maman Nsimire, alikuwa ametuma habari kwamba mwaka huu Noeli wataila kwa Agathe. Angeweza kununua bia na soda za chupa kama kawaida. Lakini aliona kwamba kila kizibo alichofungua kilikuwa sahihi yake chini ya maneno yao. Akaamua kupika pombe kwa mkono wake. Wakiinywa, yale yameisha. Wakiiacha ndani ya vikombe, atajua kwamba hana tena wakwe, na hatawangoja.

Alishuka sokoni kutafuta viungo kwa Maisara, ambaye familia yake ilitoka Uvira na mapipa ya karafuu tangu enzi za babu. Kwa heshima ya dini yake, Agathe hakutaja pombe. Alisema tu ni vya maboga. Maisara alifunga tangawizi, mdalasini, karafuu, akaombwa kuongeza karafuu nyingine, akacheka.

“Maman, na karafuu yote hii, maboga yako itaenda misa peke yake.”

Alichoma vipande vya maboga juu ya makaa hadi kingo zikawa nyeusi na tamu, akavichemsha, akavikamua kwa kitambaa. Juisi ikatoka nzito, ya rangi ya jua la saa kumi na moja jioni. Akatia viungo, na ilipobaki vuguvugu akachanganya unga wa mtama uliokaangwa, akaimimina yote ndani ya bidoni, dumu kubwa la plastiki, akaifunika blanketi la Jacques. Hakuwa na jingine lenye joto kama lile.

Siku zilizofuata mvua ilinyesha kila alasiri. Shule ilikuwa imefungwa, na Agathe, mwalimu asiye na watoto wa kufundisha, alikaa jikoni akisikiliza. Kwanza bidoni ilinyamaza. Halafu ikaanza kupumua, polepole, kisha kunong’ona, kama mtu anayezungumza usingizini katika chumba cha pili. Ukungu ulipanda kutoka ziwani, ukaingia dirishani, ukachanganyika na harufu ya karafuu, na Agathe hakujua tena kama ni jana au ni miaka mitano iliyopita. Mara mbili aliitika “abee”. Hakuna aliyekuwa amemwita.

Siku ya Noeli, baada ya misa, wakwe walifika watano. Walikula bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wakamsifia chumvi. Kisha Agathe akaleta jagi. Harufu ilitangulia, na mazungumzo yakapungua. Alimimina kikombe cha kwanza, povu likapanda la dhahabu, naye akaliangalia likipanda, akaangalia kupita kiasi, akiwa bado kule kwenye mvua na minong’ono. Akampa mama mkwe kwa mikono miwili.

Macho yote yakamgeukia. Hapo ndipo alipojua alichosahau. Mpika pombe huonja kwanza, mbele ya watu wote, ndipo mgeni apokee. Watoto wa Bukavu wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Na yeye, katika watu wote, ndiye aliyesahau.

“Sasa weye,” Noëlla akasema taratibu, “hauonje?”

Agathe alinyoosha mkono kukirudisha kikombe. Alijua mkono huo unasema nini machoni pao. Maman Nsimire hakukiachia. Alimtazama mkwewe, kisha akainua kikombe akanywa, bila haraka, mpaka povu likabaki juu ya mdomo wake.

“Maman,” Noëlla akaita.

“Niache ninywe. Niko na miaka makumi nane, mutu ataniua ya nini?” Akajifuta mdomo. “Agathe, iko muzuri. Hii miaka yote nilikuwa nakunywa sucré ya chupa kwako, na sukari inaniumiza meno.”

Mzee mmoja akacheka, akasogeza kikombe chake, na mwingine akafuata. Noëlla aliweka kiganja juu ya chake. Agathe alimpita, akajaza kikombe kilichofuata. Ilimuuma, lakini si kama alivyoogopa.

Mama mkwe alipotaka cha pili, Agathe alikumbuka. Akamimina, akainua kwanza kwake mwenyewe, akapiga funda kubwa mbele ya wote.

“Eh,” Maman Nsimire akasema, akikivuta kikombe, “yako iko mu bidoni. Hii iko yangu.”