Picha ya Umeme, Mlingotini

Naukumbuka usiku mmoja wa kaskazi, mwanangu, joto limetutoa ndani na nyumba nzima imelala mikekani nyuma ya nyumba, mbele ya bahari. Upande wa Unguja umeme ulikuwa ukimulika wingu baada ya wingu, bila ngurumo.

Kaka yangu Hamisi, aliyefanya kazi Dar es Salaam, alikuja na kamera ya kisanduku. Alfajiri angeondoka nayo. Aliniachia picha tatu za mwisho, nami nikautaka umeme ule. Nilikuwa kijana wa haya mno. Nimeishia darasa la nne, na hata huko, jibu nikilijua nililimeza. Nilitumaini picha ile itanisemea.

Nikauona umeme, nikabonyeza, umekwisha pita. Mara ya pili vilevile. Hamisi akacheka mpaka akakaa chini.

"Bwana mpiga picha, giza hilo utalitundika wapi?"

Nikamrudishia kamera yake. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Kushindwa mara mbili si neno. Nilikata tamaa na picha moja ingalipo.

Bibi yetu, mama yake baba, kumbe yu macho.

"Mume wangu, mbona mwepesi wa kususa? Sisi tukienda kuvua uduvi kwa kanga, huwa tunaukimbiza?"

"Hapana, bibi. Mnaitega kanga, mkondo unauleta."

"Basi! Kidole chako kitaushinda mbio umeme? Na wewe Hamisi, acha meno nje. Jicho la kisanduku chako haliwezi kukaa wazi?"

Hamisi akaigeuza kamera. Ubavuni mwa kamera palikuwa na kichuma. Ukikivuta, jicho hubaki wazi mpaka ulifunge. Alikuwa hajawahi kukigusa.

Tukapindua kinu, nikaiweka kamera juu yake, nikavuta kichuma. Tukangoja. Mbu walinila miguu, sikuthubutu kujikuna. Mara mbingu ikapasuka kutoka juu hadi majini.

"Funga!" akapiga kelele Hamisi.

Picha ilipotoka Dar, umeme ulikuwa umesimama juu ya bahari kama mti, matawi yake yote yakihesabika. Ilizungushwa nyumba kwa nyumba. Watu walijaa barazani kwetu, mzee mmoja akaniuliza nimefanyaje. Mimi, mwanangu! Nikasimama nikaeleza mwanzo hadi mwisho, wala sauti haikutetemeka. Nikamtaja na bibi, naye akapiga kigelegele.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Kweli, lakini kungoja mikono mitupu ni uvivu tu. Jifunze kazi yako kabla siku yake haijafika, uwe tayari, ndipo ungoje. Ukishindwa, usisuse; muulize aliyekutangulia, hata kama kazi yake si yako. Na wanaocheka waache wacheke, kicheko hakivunji mfupa.

Mungu akufungulie riziki yako, akupe subira ya kuingoja na ulimi wa kuishukuru. Amina.