Kengele Iliyozibwa Majani

Utakayesoma karatasi hizi, nakuomba uzivumilie herufi zangu. Zinalala upande kama uzio uliosukumwa na mbuzi, na p na b bado hunichanganya, kwa kuwa lugha ya nyumbani kwetu haina p. Nimesoma mpaka darasa la sita tu. Ukurasa mmoja hunichukua tangu asubuhi hadi adhuhuri. Lakini jambo hili siwezi kulisema kwa mdomo, kwa sababu mbele ya watu ulimi wangu hukauka.

Kwetu ni upande wa Lafey, pale ambapo nchi tambarare inaanza kuinuka kidogo kidogo. Vilima vyetu si virefu. Mtu humaliza kupanda kimoja kabla birika la chai halijachemka. Mawe yake ni meupe, yamejaa matundu, na chini yake kuna mapango yenye ubaridi hata wakati wa jua kali. Tulikatazwa kupeleka ngamia huko. Juu ya vilima kuna mashimo yaliyofunikwa na vichaka, na mguu wa ngamia haukuumbiwa mawe.

Mwaka ule nilirudi likizo kutoka shuleni Garissa kwa lori la mizigo, siku nne njiani. Nilikuta baba amekwenda mbali na kundi kubwa kutafuta malisho. Nyumbani wamebaki mama, dada yangu mdogo, mtoto mchanga wa miezi minne, na ndugu wa baba, ambaye sisi humwita adeer. Mama alikuwa ametoka kwenye homa, na homa hiyo ilikuwa imekausha maziwa yake. Mtoto aliishi kwa maziwa ya ngamia jike mmoja, mweupe, ambaye ndama wake alikufa. Kama ilivyo desturi, ngozi ya yule ndama ilihifadhiwa. Kila wakati wa kukamua, mama alimwekea ngamia ile ngozi puani, ainuse, ndipo aachie maziwa. Bila ngozi hakutoa hata tone. Na tangu ndama afe, ngamia yule hakulia tena. Wengine walinguruma wakifungwa na wakifunguliwa, yeye alinyamaza.

Kwa hiyo adeer alimvisha kengele ya mti yenye sauti nzito. Adeer aliumwa na nyoka zamani, na mguu wake mmoja haukunyooka tena. Alikaa nyumbani akisokota kamba, akichunga kwa masikio. Kwa mlio wa kengele alijua kama ngamia anakula, anatembea au anakimbia, na yuko upande gani.

Mwalimu alikuwa ametupa kazi ya likizo: kila mtu achore ramani ya kwao. Alisema mchoraji hupanda kwanza mahali pa juu. Mimi nilitaka sana ramani yangu iwe nzuri. Darasani sijawahi kuinua mkono, na nilifikiri karatasi ingesema kwa niaba yangu.

Asubuhi ile nilipofungua ngamia, dada yangu aliwaambia mbuzi wake wasogee, maana leo msomi anachunga na jioni ngamia watarudi wanajua kusoma. Kisha akaniuliza kama kalamu yangu inatoa maziwa. Nilicheka, nikaondoka.

Tulipofika mbali kidogo nilimshika yule mweupe, nikang'oa majani makavu, nikaisokomeza kengele yake mpaka ikajaa. Kwetu kengele huzibwa wakati wa hatari tu, watu wanapopita karibu na maadui. Kuiziba wakati wa amani ni aibu. Nililijua hilo. Lakini bila kuiziba, adeer angesikia tunaelekea vilimani.

Nilipanda. Kwanza niliingia pango moja, nikakuta makopo yenye kutu yaliyoachwa na askari wakati wa vita vya Waitalia, na ukutani alama za masizi ya moto wao. Nikatoka, nikawaacha ngamia wakila vichaka mteremkoni, nikaendelea hadi kileleni, nikakaa juu ya jiwe pana. Sijawahi kuona nchi yetu hivyo. Niliona kisima na mduara wa mbuzi waliokizunguka. Niliona nyumba zetu za mikeka, ndogo kama vifundo vya kamba, na nyuma yake mto mkavu wenye mstari wa miti. Mbali kabisa vumbi jembamba lilisogea, labda lori. Nilichora yote polepole, huku nikifuta na kurudia.

Niliposhuka, ngamia walikuwa watano badala ya sita. Mweupe hayupo.

Juu ya mawe hakuna nyayo. Nilizunguka vichaka, nikaita, nikasimama kusikiliza. Nilisikia upepo na njiwa. Nikarudi juu kwenye jiwe langu, nikatazama pande zote. Niliona kila kitu nilichokiona mwanzo, isipokuwa yeye.

Nilipofika nyumbani adeer aliniuliza mbona tangu asubuhi hajaisikia kengele. Nilisema ngamia amepotea vilimani. Kuhusu majani sikusema. Mama hakunigombeza. Alimweka mtoto begani, akatazama kile chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mti, kikiwa kimepinduliwa juu chini. Jioni ile mtoto alipewa maziwa ya mbuzi, na kwa kuwa ilikuwa kiangazi, mbuzi wote hawakujaza kikombe.

Siku ya pili tulitafuta bila kupata kitu. Siku ya tatu mama alichukua ngozi ya ndama, akasema anakwenda mwenyewe. Miguu yake ilikuwa bado inatetemeka. Adeer alipanda ngamia wa mizigo, mimi nikawaongoza. Kwenye kila pango na kila tundu mama alisimama, akaitikisa ile ngozi upepo uichukue, akaimba wimbo wake wa kukamua kwa sauti ya chini. Kisha akasubiri. Tundu la kwanza, la pili, la tano.

Chini kidogo ya jiwe langu pana, hatua kama sitini, palikuwa na kichaka. Mama alipoimba pale, ngamia aliitika kutoka ardhini. Ulikuwa mguno mrefu, ule ambao jike humpa mtoto wake.

Alikuwa amesimama ndani ya shimo, amebanwa na mawe, mguu wa mbele umevunjika juu ya goti. Alikuwa pale muda wote niliokuwa nachora. Lazima aliitikisa shingo yake mara nyingi.

Adeer alitazama, akasema ngamia hatatoka. Mama aliomba yeye ashushwe shimoni kwanza. Tulimfunga kamba, tukamteremsha na chombo chake. Akamwekea ngamia ngozi puani, akamkamua akiwa amesimama hivyo kwa miguu mitatu. Yalitoka maziwa kidogo. Tulimvuta mama, naye akaenda kukaa mbali, amegeuka upande mwingine. Adeer akashuka na kisu, akataja jina la Mungu.

Alipopanda juu alikuwa na kengele mkononi. Alikaa karibu nami, akaanza kutoa majani kwa kidole, moja moja, mpaka ulimi wa kengele ukaning'inia tena. Aliyakunja yale majani ndani ya kiganja, mama asiyaone.

"Ulikuwa unafanya nini huku juu?"

Nilimpa ramani. Aliigeuza huku na huku, nikamwonyesha kisima na nyumba.

"Na hapa tulipo ni wapi?"

Niliweka kidole.

"Chora shimo," akasema. "Mwingine asianguke."

Ndugu zetu wa mbali walitukopesha jike mwenye maziwa, kama ilivyo kawaida kwa mwenye shida. Alifika baada ya siku tisa. Mtoto hakufa. Lakini sasa ana miaka miwili na bado hajasimama. Wengine husema ni homa ya mama, wengine husema miguu yake itakuja tu. Mimi nikimwona akijivuta juu ya mkeka huhesabu zile siku tisa, na sijui.

Mwalimu aliipenda ramani, akaibandika ukutani mbele ya dawati langu. Aliuliza kile kiduara kidogo ni nini. Nilisema ni pango.

Adeer hajasema lolote kwa mtu. Mama anaamini kengele ilikwama kwenye miiba, na ameitundika mlangoni. Mtoto akilia huipiga kidogo ili anyamaze.

Sasa nakuombeni nyinyi mnaosoma, hasa mliokua na mifugo na mama zenu wako hai: niandikieni. Aliyewapa karatasi hizi anajua zitanifikiaje barua. Niambieni kama jambo la namna hii mtu humwambia mama yake, na kama humwambia, huanza na neno gani. Andikeni kwa herufi kubwa. Nasoma polepole pia.