Kimya cha Wakili Theodory

Miaka ile ya Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vipya na kuacha mashamba yao, Kilosa mjini palikuwa na wakili mmoja tu wa kujitegemea, na jina lake Theodory. Alikuwa mtoto wa milimani, wa nyumba ya wakulima na ya kanisa, aliyeshikwa na shule ya misheni tangu mdogo hadi ikamfikisha chuo kikuu. Wenzake walibaki Dar es Salaam serikalini. Yeye alirudi, akapanga chumba nyuma ya duka la vitambaa karibu na stesheni. Mkewe, Yudith, alikuwa mwalimu huko Mikumi, nao wakawa wanaonana mwisho wa juma.

Watu walimpenda kwa kuwa hakuwa na makuu. Lakini alikuwa na udhaifu mmoja: hakuweza kumpa mtu habari mbaya. Angezunguka, angesema "tutaona, tutaona," angekuahidi kesho, na kesho yake ilikuwa ndefu kama reli.

Udhaifu huo ulikutana na Sikuzani, mjane wa Tindiga. Mwanawe, Mwinshehe, alikuwa amefungwa kwa kosa la kuchoma ghala la pamba la kijiji kipya. Kijana alikuwa amesimama mkutanoni na kusema wazi kwamba shamba la mpunga la marehemu baba yake haliachi. Ghala lilipoungua, watu wakaunganisha maneno yake na moto. Shahidi mkubwa alikuwa Lukasi, katibu wa kijiji, aliyeapa kwamba alimwona Mwinshehe akitoka ghalani. Alimwona, alisema, kutoka ng'ambo ya bonde, moshi ukiwa umetanda. Hakimu hakumuuliza macho yake yalipenyaje moshi huo.

Theodory alikata rufaa, na alijua ni rufaa nzuri. Ikapangwa kusikilizwa Dar es Salaam katikati ya masika. Siku chache kabla ya hapo alipanda treni kwenda Kidete kwa shauri la mteja mwingine, akijiambia atawahi kurudi. Hakuwahi. Mto Mkondoa ulifurika, ukachimba tuta na kuacha reli ikining'inia hewani. Alipofika Kilosa kwa miguu, matope yakiwa yamemganda hadi magotini, simu ya maandishi ilikuwa inamngoja: rufaa iliitwa, hakuna aliyesimama, imetupiliwa mbali.

Bado kulikuwa na njia. Angeweza kuiomba mahakama irejeshe rufaa ile, lakini ilimbidi kwanza ale kiapo na kueleza alikuwa wapi na kwa nini. Na kabla ya kiapo, ilimbidi amwambie Sikuzani.

Mama yule alikuja wiki iliyofuata, kanga yake imelowa mvua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Shauri letu limefika wapi?"

Theodory aliangalia karatasi zake. "Linakwenda, mama. Mahakama ina taratibu zake."

"Basi niende nikampe mwenzio moyo kule gerezani?"

"Nenda, mama."

Akaenda. Akarudi mara ya pili, na ya tatu, na kila mara Theodory alimpa maneno yale yale, akayaona yakizidi kuwa mepesi mdomoni. Alipokuja mara ya nne hakukaa. Aliyasikiliza maneno yale yale akiwa amesimama, akafunga kanga, akatoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hakuonekana tena, na Theodory, Mungu amsamehe, aliona nafuu.

Nafuu yake haikudumu. Barua ilifika kutoka kwa kamati inayosimamia mawakili. Sikuzani wa Tindiga amelalamika: wakili wake hakuhudhuria rufaa, amemficha ukweli kwa miezi, na zaidi ya hayo amehongwa ili mwanawe aozee gerezani. Ajibu kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa.

Mambo mawili ya mwanzo yalikuwa kweli tupu. La tatu lilimfanya avute kiti akae. Kuhongwa? Na nani? Na ile barua ilikuwa ya Kiswahili cha ofisini, kilichonyooka kama mstari wa rula. Sikuzani alikuwa hajui kusoma.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kupanda gari hadi Tindiga akamwangukie mama miguuni. La pili lilikuwa baya zaidi. Alifungua jalada la Mwinshehe, akashika kalamu, akaona nafasi tupu ambapo angeweza kuandika kwamba mteja alielezwa kila kitu tangu mwanzo. Mstari mmoja tu. Nani angejua?

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake Landrova iliposimama nje. Aliyeshuka alikuwa Lukasi.

"Ndugu wakili," alisema akiketi bila kukaribishwa, "nimesikia una matatizo."

"Habari zimekufikia upesi."

"Tindiga ni kijiji kimoja, sote ni ndugu. Yule mama ni mtu mzima, hasira zikimshuka anaweza kuifuta barua yake. Naweza kuzungumza naye." Alivua kofia, akaifuta vumbi taratibu. "Na wewe nawe uliache lile shauri la ghala. Limekwisha kufa. Ya nini kufukua maiti?"

"Na nisipoliacha?"

Lukasi alitabasamu kama mtu anayemwonea mtoto huruma. "Mkeo anafundisha Mikumi, sivyo? Pazuri pale. Ila walimu wanahamishwa, ndugu. Nchi ni kubwa."

Landrova ilipoondoka, Theodory aligundua kwamba ameivunja nibu ya kalamu.

Kulipokucha alikwenda Morogoro kwa wakili Damiano, mtu wa makamo aliyewahi kumfundisha kazi. Damiano alisikiliza habari za Lukasi, akasoma barua mara mbili, akaiweka mezani.

"Umekwenda kumwona huyo mama?"

"Bado. Nilitaka kwenda."

"Usiende. Ukienda, hata ukimpa pole tu, kesho itasemwa ulikwenda kumtisha. Jalada umeligusa?"

"Nilishika kalamu."

"Nakuuliza kama umeandika."

"Sikuandika."

Damiano akashusha pumzi. "Mshukuru Mungu wako. Nimewaona mawakili waliokuwa na kosa dogo, wakaenda kulifunika kwa uongo, wakafutwa kabisa. Sasa nisikilize, mdogo wangu. Jibu mapema, usingoje siku ya mwisho. La kweli likubali bila kulipaka sukari. La uongo likatae kwa maneno machache. Usimtukane mama wa watu; amedanganywa mara mbili, na mara ya kwanza ni wewe. Na huyo Lukasi, andika alichokuambia, neno kwa neno, kabla kumbukumbu haijapoa."

"Atanimaliza."

"Huenda. Lakini ukimkubalia, atakuwa amekununua, na hapo ile hongo itakuwa kweli." Damiano alisimama. "Hili shauri lako nitalisimamia mimi. Mtu hajitetei mwenyewe, hasa anapoogopa. Na rufaa ya kijana nipe, niombe irejeshwe. Kula kiapo kuhusu Kidete leo hii, kabla hujaondoka hapa."

Theodory akala kiapo.

Kisha ikaja miezi ya kungoja. Wateja walipungua, halafu wakakatika kabisa. Mwenye duka la vitambaa alimwambia kwa upole, akiangalia pembeni, kwamba chumba kinahitajika. Kijiwe cha ng'ambo ya barabara kilipata mtu mpya, asiyenunua chai wala kuongea, akaaye akitazama mlango wa Theodory. Yudith akapata uhamisho wa kwenda mbali kusini. Hakulia. Alisema tu, "Ungeniambia tangu mwanzo, ningekuwa nimejiandaa." Hata yeye alikuwa amefichwa.

Siku ya kamati, Sikuzani aliletwa Dar es Salaam. Alikaa mbele, na kwenye benchi la nyuma alikaa Lukasi, kofia magotini. Theodory alisimama akasema yake: hakufika, alificha, alidanganya mara nne. Hakusingizia mto. Alisema alijua masika yameshika na bado akaenda.

Mwenyekiti akamgeukia mama. "Hili la hongo ulilipata wapi?"

Sikuzani alifinya pindo la kanga yake.

"Aliyeniambia," akasema, "ndiye aliyenipandisha gari kuja hapa."

Hakugeuka nyuma. Hakukuwa na haja. Wengine wote waligeuka.

Dai la hongo likaanguka. Yale mengine mawili yakasimama, na Theodory akasimamishwa uwakili kwa mwaka mzima. Aliipokea hukumu akiwa ameinamisha kichwa, akahisi, kwa mara ya kwanza tangu masika yale, kwamba anapumua hadi chini.

Rufaa ilirejeshwa. Damiano aliibeba, na safari hii majaji wakauliza habari za moshi na bonde. Mwinshehe akatoka, amekonda, akikohoa kikohozi kisichoisha. Hakurudi Tindiga. Alipata kazi ya kufyeka kandokando ya barabara Mikumi, na ukimuuliza habari za ghala anaangalia kwanza nani yuko nyuma yake. Nani alilichoma haijajulikana hadi leo. Lukasi hakushtakiwa. Alipewa cheo wilayani.

Mwaka ulipokwisha Theodory alipanga chumba kingine, kidogo zaidi. Alikaa siku nyingi akisikiliza treni zikipita. Kisha asubuhi moja Sikuzani akaingia, pamoja na mama mwingine aliyemtambulisha kwa jina la Magreti, jirani yake, aliyenyang'anywa shamba.

"Shikamoo mama," Theodory alisema akisimama.

"Marahaba." Hakumwita mwanangu. Alimgeukia Magreti. "Huyu alinidanganya. Halafu akasema mbele za watu kwamba alinidanganya. Wewe kaa, sikiliza, uamue mwenyewe."

Akatoka kungoja nje kivulini.

Theodory akavuta kiti akakisogeza karibu na yule mama. "Kabla hujaniambia chochote," alisema, "nikueleze jinsi tunavyoweza kushindwa."