Mzigo wa Nabintu

Madamu Mukeshimana hakuwatazama watoto jinsi watu wengine wanavyowatazama. Aliwachunguza. Chuo kikuu kilikuwa kimemfundisha kuketi pembeni ya darasa, kufunga mdomo na kuona. Na kwa kuwa kufunga mdomo kulimshinda, alitia bidii yote katika kuona. Katika chekechea yake ya Mururu, hatua chache kutoka mpaka wa Kongo, mtoto hakuweza kupiga chafya bila kupewa maelezo ya kitaalamu.

Asubuhi hiyo aliketi na Ladislas, mkaguzi aliyekuja kupendekeza msimamizi wa chekechea zote za sekta. Mukeshimana aliutamani wadhifa huo kiasi cha kuvaa kitenge kipya, kile cha ndege wekundu, alichokuwa amekitunza kwa siku kama hiyo.

Watoto walikuwa wakicheza. Wawili walinyoosha kamba mlangoni. Nabintu, msichana mdogo mwenye macho makavu, alijifunga vibao vya kuchezea tumboni, akashusha sweta, akaanza kutembea taratibu, mkono kiunoni.

"Unaona, Mzee," alinong'ona Mukeshimana kwa sauti iliyofika hadi dirishani. "Anaiba. Lakini tusimwite mwizi. Mama yake hushinda ng'ambo, Bukavu. Mtoto ana njaa ya upendo, anaijaza kwa vitu."

"Na mwalimu afanye nini?"

"Amwongoze bila kumwaibisha."

Akasimama katikati ya darasa. "Nabintu, toa ulivyoficha, wenzako wote waone."

"Ngoja kwanza nipite, Madamu," alisema Nabintu. "Hapa ni duwani, kwa ba-forodha ba mpaka. Bakiona mimba, banakuacha upite."

"Pita, maman," alisema mmoja wa wenye kamba. "Lakini usicheke."

Mchunguzi wa kweli angerudi kuketi. Lakini Ladislas alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, na Mukeshimana hakuweza kuacha sifa hiyo ipoe.

"Nani alikufundisha haya?"

"Maman. Anafungaka vitenge ku tumbo." Mtoto alishika pindo la nguo ya mwalimu wake. "Hata hiki kilipita hivi. Ulimwambia alete na cha bluu."

Ladislas alikitazama kitenge kuanzia begani hadi chini, ndege mmoja baada ya mwingine.

Mukeshimana alipekua elimu yake yote akitafuta jina la hali iliyompata. "Ni igizo," alisema hatimaye. "Mtoto huyu ana ubunifu mkubwa sana."

"Sasa hivi alikuwa mwizi."

"Nilikuwa bado sijamchunguza vizuri."

"Basi endelea kumchunguza," alisema Ladislas, akifunika kalamu yake. "Hapahapa, darasani. Usimamizi utakupotezea muda."

Mlangoni kamba ilishushwa. Nabintu alipita kwa heshima zote, akapandisha sweta, akamnyooshea mwalimu kibao cha bluu.

"Mzigo wako, Madamu."

Mukeshimana akaupokea, kama alivyozoea.