Aliyepanda Deraya Letu kwa Nje

Ko! Ko! Ko!

Mtu alikuwa anagonga gari letu kwa nje. Na gari lilikuwa kwenye mwendo mkali, risasi zinaligonga ubavuni kama mvua ya mawe.

Jamani, mimi nilikuwa dereva wa deraya. Lile gari la jeshi la kubebea askari, la matairi sita, ambalo raia wengi wanaliita kifaru. Ukiwa kwenye usukani unaona mbele tu, kupitia kioo kinene kisichozidi upana wa daftari. Nyuma huoni kitu.

Saa nne asubuhi tulitumwa kuwatoa watu kwenye kituo cha afya kilichozingirwa na waasi.

Tulipakia kumi na wawili. Kina mama, watoto, na nesi mmoja. Wengine walikalia mapaja ya askari. Nje akabaki mlinzi, mzee mwenye koti la kaki.

"Mzee, gari limejaa," nilimwambia.

"Nendeni."

Hakubishana. Akatufungulia geti. Tulipotoka tu, chupa ya petroli ikapasuka mahali fulani nyuma. Nikakanyaga mafuta.

Ndipo nikasikia kugongwa.

"Adui kapanda!" Sajini, kiongozi wa msafara wetu, akafoka, bastola mkononi. "Dereva, yumbisha gari adondoke!"

Nikayumbisha. Sitawadanganya. Nilikata usukani kulia, nikaukata kushoto, watoto wakapiga mayowe.

Kimya.

Halafu tena. Ko... ko... Safari hii kwa unyonge.

"Adui gani anabisha hodi?" nesi akapaza sauti.

Pua yangu ilishanasa harufu ya mpira unaoungua.

"Afande, nasimama."

"Ukisimama nakushitaki!"

Nikasimama nyuma ya kilima, ambako risasi hazikutufikia. Wakafungua mlango.

Alikuwa yule mzee. Amening'inia kwenye vyuma vya ubavuni, paji la uso linavuja damu, koti limeungua pindo. Chini yake tairi la nyuma lilikuwa linawaka, moto unalamba kuelekea tangi la mafuta.

Askari wawili wakauzima kwa mtungi wa kuzimia moto. Dakika chache zaidi tungekuwa majivu.

Sajini akapoa. "Haya mzee, ingia. Tutabanana."

Mzee akamshangaa. "Niingie niende wapi? Nimeona mnaondoka na moto, nikadandia pale pale getini niwaambie. Nirudisheni basi. Nina wagonjwa wawili kule, wamepasuliwa alfajiri ya leo, hawawezi kutembea."

Sajini akamgeukia nesi. "Kuna watu wamebaki na hukusema?"

"Nilisema. Nilimwambia dereva."

Macho yote kwangu.

Ni kweli. Kabla hatujaondoka alikuja mpaka kwenye tundu la dereva akasema, "Kaka, wawili bado wako kitandani, waambie wenzako." Nilimsikia vizuri kabisa. Nikaitikia kwa kichwa, nikawasha gari bila kumwambia mtu. Kuwabeba kungetuchelewesha dakika kumi, na mimi nilitaka kutoka pale nikiwa hai.

Sajini hakunitukana. Alisema neno moja tu: "Endesha."

Tukawashusha watu kambini, tukarudi kwa deraya jingine, machela mbili ndani. Mzee alikaa nyuma ya kiti changu, viganja vimefungwa bendeji.

"Kwa hiyo ulisikia?" akaniuliza, taratibu tu, kama mtu anayeulizia saa.

"Nilisikia, mzee."



Msichana wa kitanda cha kwanza tulimkuta hai. Baba wa kitanda cha pili alikuwa ameshakata roho, mwili bado una joto. Daktari wa jeshi aliniambia labda asingepona hata tungemchukua mapema.

Labda. Nimeishi na hiyo labda miaka tisa sasa.

Nilifungwa kambini siku ishirini na nane, cheo kikavuliwa. Nilistahili.

Ndugu yangu unayesoma hapa, kuogopa kupo, hata Sajini aliogopa. Ila ukiambiwa jambo lenye uhai wa mtu ndani yake, lifikishe. Sema hata kama sauti inatetemeka, sema hata ukionekana mwoga. Mimi nilinyamaza, na yule baba hakupata hata nafasi ya kunilaumu.