Mota na Filamu za Kwenye Friji

Friji ya Mota haikuwa na nafasi ya mayai. Kwenye rafu ya mlangoni, pale ambapo watu wenye akili zao huyapanga, yeye alipanga mikebe ya filamu, na mayai yakahamia kwenye bakuli mezani kama wapangaji waliofukuzwa. Mkewe alipolalamika, alijibiwa kwamba filamu hudumu kwenye baridi, na kwamba mtu anayetengeneza friji za mtaa mzima ana haki ya kuamua friji yake ihifadhi nini. Hoja hiyo haikuwa na kichwa wala miguu, lakini ilisemwa kwa upole, na mke akachoka kubishana.

Jina la Mota alipewa na majirani kwa ajili ya kamera zake. Maisha yake yote alikuwa akitegea sikio kompresa za friji zinazonguruma, kwa hiyo kamera ya kimya haikumwingia akilini. Alipenda zile za filamu za zamani, nzito kama tofali, zenye mota ndani: unabonyeza, kioo kinaruka, mota inalia kidogo na kuivuta filamu yenyewe hadi picha inayofuata. Alizinunua kwenye marundo ya mitumba na kwa wapiga picha waliostaafu. Zilizokufa alizifufua, na chache zilizokuwa hai aliziua kwa kuzifungua aone zinaishije. Kabati la sebuleni lilipojaa, akahamia uvunguni mwa kitanda.

"Simu yako inapiga picha bila kelele," mkewe alimwambia.

"Ndiyo maana siiamini. Kitu kinachofanya kazi lazima kisikike."

Alikuwa na kanuni moja tu, na aliitukuza kupita kiasi. Filamu mpya huja na ulimi wake, kile kipande cha mwanzo, ukichungulia nje ya mkebe. Ikishapigwa yote, mota huirudisha ndani, ulimi na yote. Basi yenye ulimi ni mpya, isiyo na ulimi imetumika. Mkewe alimshauri aandike juu ya mikebe kwa kalamu, akaona ni ushauri wa watu wasiojua mashine. "Mota haikosei," alisema. Maneno ya namna hiyo, ukiyasema mara nyingi, yana tabia ya kurudi kukutafuta.

Mama yake alikuwa akiishi nao tangu mzee alipofariki. Mwili ulikuwa na nguvu, lakini kumbukumbu ilikuwa ikimponyoka, na kila jioni aliuliza swali lilelile: "Baba yenu bado hajarudi?" Mwanzoni walimwambia ukweli. Akawa analia kila mara kama mtu aliyepata taarifa ya msiba sasa hivi, wakaacha, wakawa wanamgeuzia mazungumzo kwenye chai. Mota hakujua lipi ni dhambi kubwa zaidi, kumliza mama yake au kumzungusha. Alilala na swali hilo na kuamka nalo.

Na lilikuwepo donda jingine. Muda mfupi kabla mzee hajafariki, Mota alimpiga picha uani kumaliza filamu nzima, akijaribu kamera aliyokuwa ameifufua. Filamu hiyo ilipotea. Aliitafuta kila mahali, kisha akamtuhumu mkewe kwamba aliitupa pamoja na nyanya zilizooza. Mke akakana. Walinuniana, wakapatana, lakini neno lile la nyanya halikuondoka ndani ya nyumba.

Ndipo mdogo wake wa kike, kitindamimba wa mama yao, akapata mchumba, na Mota akajitolea kupiga picha za harusi.

"Kaka, kuna vijana wana kamera za kisasa," bibi harusi alijaribu kumwambia taratibu.

"Hao wanapiga elfu moja wapate moja. Mimi napiga moja, inapatikana."

Siku yenyewe alitoa filamu moja kwenye friji, ulimi wake nje, akaivisha kamera aipendayo kuliko zote. Kisha, kwa kuogopa mianga ya simu isije ikamharibia kazi, aliomba wageni waziweke mfukoni wakati wa viapo. Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyesimama kuwatangazia, kwa kumpa kaka yake heshima. Kwa hiyo viapo, pete na saini, vyote vilipita kwenye lenzi ile moja tu. Ukumbi ulikuwa na giza kidogo, mota ililia vizuri, na Mota alikuwa na furaha ya mtoto mwenye baiskeli mpya.

Wiki iliyofuata alikwenda kuchukua bahasha kwenye duka la kusafisha picha, akaifungua palepale kaunta. Picha ya kwanza aliishika juu chini. Akaigeuza, ikawa vilevile. Bwana harusi alikuwa na mti kifuani. Kamba ya kuanikia nguo ilipita shingoni mwa bibi harusi, na shati moja lilining'inia karibu na sikio lake. Katika picha ya saini, pale palipotakiwa kuwa na suti nyeusi tu, palikaa mwanamume mwenye shati jeupe kwenye kiti cha plastiki, anacheka.

"Dada, hizi si zangu," Mota alimwambia mwenye duka. "Umechanganya na za mtu mwingine."

"Ni filamu ileile uliyoleta. Huyo bibi harusi si wako?"

"Ni wangu."

"Na huyo mzee?"

Mota akaisogeza picha karibu na macho, akaisogeza mbali. Ilimchukua muda, maana macho yaliona na akili ikakataa.

"Na huyo ni wangu," akasema.

"Basi zote ni zako. Umepiga filamu moja mara mbili, kaka. Hutokea."

Alitoka akaupita mtaa wa kwao bila kujua, akajikuta mbele ya bucha, na bucha ndiyo iliyomkumbusha. Siku ile ya uani betri zilikuwa zimechoka. Mota ya kamera iliikokota filamu kurudi ndani ikigugumia, ikazimika ikiwa imebakiza kidogo, ulimi nje. Wakati huohuo mwenye bucha alikuwa akimpigia simu kwamba friji imekufa na nyama inaharibika. Akauchomoa mkebe, akautia mlangoni mwa friji, akakimbia. Basi baba yake alikuwa mle siku zote, akifunguliwa mlango kila asubuhi mtu akitaka maziwa. Mota alisimama barabarani asijue acheke au alie. Alikuwa amekipata alichokitafuta, na kukipata huko ndiko kulikoharibu alichokuwa ameahidi.

Nyumbani alianza na mkewe. Mke alizitazama picha, akamtazama yeye.

"Kwa hiyo haikuwa nyanya."

"Haikuwa nyanya. Nisamehe."

"Hilo tutalizungumza. Mdogo wako yuko njiani."

Mdogo wake aliingia na tabasamu, akakaa karibu na mama yao, akaanza kuzipitia. Tabasamu halikufika picha ya tatu.

"Pete iko wapi, kaka?"

"Ipo. Ipo chini ya... mkono wa baba umepita hapo."

"Niliwaambia watu waweke simu mfukoni kwa ajili yako."

"Najua."

"Sina picha nyingine ya viapo. Hata moja. Unanielewa?" Machozi yakamtoka. Mota alitaka kumwambia kwamba baba amepatikana, lakini aliogopa ingekuwa kama kumpoza mwenye njaa kwa hadithi.

Mama yao akanyoosha mkono, akachukua picha ya saini kutoka mapajani mwa binti yake. Aliiangalia kwa utulivu, kama mtu anayesoma barua ya kawaida. Katika chumba kile chote, ni yeye peke yake ambaye picha ile haikumchanganya.

"Nilijua alikuja," akasema. "Nikiwauliza, mnaniletea habari za chai."

Mama akaisogeza picha karibu zaidi, akakunja uso.

"Lakini hizi kandambili. Nani alimwacha aje harusini na kandambili?"

Kwa Mota, ukweli ulikuwa upande mmoja na mama yake upande mwingine, na kama kawaida yake hakujua aelekee wapi. Mdogo wake alimtazama, kisha akaitazama picha, kwa mara ya kwanza akimtafuta mzee badala ya pete. Akafuta uso kwa kiganja.

"Tulimwambia avae viatu, mama," akasema. "Alikataa."

"Ndivyo alivyo," mama akasema.

Binti akamsogelea, akachukua zile picha nyingine mezani, akaanza kumpa mojamoja.